Bwawa la umeme la Karuma limewaka, megawati 600. Mbona malori ya mkaa bado yanapita juu ya daraja lile lile?

1. Mkazi_Kawempe
Wadau, salaam.

Juzi nimerudi Kampala kutoka Gulu kwa basi. Tulipofika Karuma tukakwama nyuma ya lori la mkaa. Magunia yamepangwa mpaka yamepita kimo cha kabini, na juu kabisa vijana wawili wamelala kana kwamba wako kitandani kwao. Nikageuza shingo nikaona zile nguzo kubwa za kilovolti 400 zinazopeleka umeme Kawanda, karibu na Kampala. Umeme unakwenda Kampala kwa waya, mkaa unakwenda Kampala kwa lori, vyote vinatokea mahali pamoja. Kabla ya kufika Kigumba nilikuwa nimehesabu malori matatu.

Bwawa lilizinduliwa Septemba 2024, deni lake tutalilipa na wajukuu. Nchi ina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 2,000 na saa ya matumizi makubwa tunatumia kama nusu yake hivi. Umeme umezidi. Halafu kuni na mkaa bado ni karibu tisa ya kumi ya nishati yote inayotumika Uganda.

Nianze kujishtaki mwenyewe. Nyumbani kwangu umeme upo, jiko la sahani mbili lipo, na maharagwe tunapika kwa sigiri ya mkaa. Kwa nini? Msinijibu "serikali" halafu mkaondoka.

2. NimevutaKiti
Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi.

3. Mhasibu_Ntinda
Mleta mada, jibu liko kwenye Yaka yako, ile mita ya kulipia kabla. Angalia bei zinavyopangwa. Uniti 15 za kwanza kwa mwezi ni shilingi 250 kila moja, huo ni msaada kwa maskini. Kuanzia ya 16 hadi ya 80 unalipa zaidi ya 700. Kuanzia ya 81 hadi ya 150 bei inashuka hadi 412, na hiyo ndiyo wanaiita bei ya kupikia. Ukipita 150 inapanda tena.

Sasa fikiri. Mtu mwenye taa tatu, redio na simu anamaliza mwezi na uniti 30. Ili afikie bei ya kupikia lazima kwanza avuke mto wa uniti 65 za bei ghali. Anayefika ng'ambo ni yule mwenye friji, pasi na hita ya maji, ambaye gesi angeimudu hata bila punguzo. Yule wa sigiri haijui kabisa hiyo 412.

Kwa hiyo mimi nasema ni bei, na hata si ukubwa wa bei, ni jinsi ilivyopangwa.

4. Mama_Makaa
Mhasibu umesema vizuri ila unaongea kama mtu mwenye mita yake. Wateja wangu hapa Bwaise wanakaa muzigo, chumba kimoja, mita moja ya mwenye nyumba, wapangaji wanane. Kila mtu anatoa hela ya umeme kwa mwezi, na sharti la kwanza ukihamia: hakuna pasi, hakuna jiko la umeme, hakuna birika. Ukikamatwa na birika unahama. Hata mkishusha bei mpaka shilingi kumi, wateja wangu hawatapika kwa umeme.

Jambo la pili, mkaa nauza kwa kopo. Mtu ana elfu mbili leo, anakula leo. Mtungi wa gesi hauuzwi kwa kopo.

Mimi nimeuza mkaa miaka kumi na minne. Gunia nililokuwa nauza 70,000 sasa ni 130,000, mvua ikinyesha njia zikaharibika linapita hapo. Msidhani tunatajirika. Gunia likifika kwangu limeshalipa njiani mara sita. Kila kizuizi kina mwenyewe.

5. Okumu_Mpakani
Kutoka Busia, upande wa Kenya. Naomba na sisi tushtakiwe. Februari 2018 serikali yetu ilisimamisha ukataji miti kwenye misitu ya umma, mkaa ukapotea sokoni, bei ikaruka. Unafikiri tuliacha kuchoma nyama? Mkaa ukaanza kuja kutoka kwenu kwa wingi, usiku na mchana, mwingine kwa baiskeli. Tulilinda miti yetu kwa kula yenu. Serikali ilitangaza kuiondoa marufuku ile 2023, lakini njia zilishazoeleka.

Ndiyo maana nikisikia "Kampala ndiyo inamaliza misitu" nacheka kidogo. Kampala haiko peke yake mezani.

6. Ladit_wa_Pabbo
Nimesoma wote. Sasa acheni mtu wa huko miti inakokatwa aseme.

Sisi wa Amuru, huku Acholi, tulikaa kambini miaka mingi kwa sababu ya vita. Pabbo yenyewe ilikuwa kambi, na kubwa. Wakati sisi tumebanana kwenye vibanda, huko vijijini miti ilikuwa inakua peke yake bila mtu kuigusa. Tuliporudi baada ya 2006 tulikuta vichaka vimekuwa msitu. Hatukuwa na ng'ombe, hatukuwa na jembe, tulikuwa na miti. Wafanyabiashara walikuja kabla ya mbegu hazijafika. Walikuwa wanakodi shamba zima, wanalipa kwa ekari, wanaleta vijana wao na misumeno ya injini. Binamu yangu alikodisha ekari ambazo si zake peke yake, ni za ukoo. Fedha ile ilinunua pikipiki. Pikipiki imekufa, ekari ziko wazi mpaka leo.

Kinachoniuma zaidi ni yaa, mti wa shea. Bibi zetu walikuwa wanakamua mafuta yake, moo yaa, ya kupikia, ya kupaka mtoto, ya kuuza. Mti ule unachukua miaka kumi na tano, ishirini, ndipo uzae vizuri. Haupandwi kama mahindi, unauacha shambani unalima kuuzunguka, baba anamwachia mwana. Na mkaa wake ni mzito, hauishi upesi, kwa hiyo Kampala wanaupenda. Mti uliolisha watu vizazi vitatu unaivisha matooke ya wiki moja.

Mleta mada, yale malori matatu uliyoyahesabu, kisheria hayakutakiwa kuwepo. Mkaa wa biashara kutoka Acholi ulipigwa marufuku kwa amri ya rais.

7. Kijana_wa_Lira
Ladit apwoyo. Naongeza tu kwamba marufuku hiyo ni ya 2022 na ilikuwa ya Acholi peke yake, sisi Lango hatukuguswa.

8. Ladit_wa_Pabbo
Hapana, mwanangu. Ni Amri namba 3 ya 2023, ilitoka Mei. Inataja Acholi, Lango, Teso, Karamoja na West Nile. Ninyi mmo kabisa. Inaruhusu mtu kuchoma mkaa wa kutumia nyumbani kwake, inakataza wa biashara. Pengine Lira hamkuambiwa, au mmeambiwa na malori yakaendelea kupita mkadhani mmeota.

9. Kijana_wa_Lira
Nimesahihishwa, asante. Ila hoja ya kuota naiacha kama ilivyo.

10. Mwalimu_Fizikia
Mnagombana kuhusu nani anapika, lakini hasara kubwa inatokea kabla mkaa haujafika hata kwenye gunia.

Tanuri la kienyeji ni magogo yaliyofunikwa majani na udongo, yanaungua polepole bila hewa ya kutosha. Fundi mzuri mwenye kuni kavu na subira anapata kilo moja ya mkaa kwa kilo tano au sita za mti. Kijana wa kukodishwa, mwenye haraka, kuni mbichi, anayelala tanuri likitoboka, anaweza kutumia kilo kumi. Kilo moja ya mkaa ina joto karibu mara mbili ya kilo moja ya kuni. Fanyeni hesabu: umeweka kumi, umepata yenye thamani ya mbili. Zilizobaki zimekwenda na moshi kule porini.

Kwa hiyo bibi wa kijijini anayepikia kuni za kuokota, pamoja na moshi wake wote machoni, anamaliza mti kidogo kuliko dada wa mjini mwenye sigiri safi. Na bibi anaokota matawi makavu, msumeno unachukua shina.

11. Mhaya_Asiyekopa
Mwalimu hapo umetoa somo. Salamu kutoka Bukoba, Tanzania.

Huku kwetu serikali ilisema taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa, mwisho ilikuwa Januari 2024. Shule, magereza, kambi. Nasikia Uganda shule zenu zote za bweni zinapika kwa magogo. Ninyi mna mabwawa yote hayo mnachemsha uji kwa msitu? Jirani, hata haya hamna?

12. Bweni_na_Posho
Mhaya, na shule zenu zote zimeacha? Jibu kwa kiapo.

Mimi natunza hesabu za shule ya bweni, jina sitaji. Wanafunzi kama 900. Mchana posho (ugali) na maharagwe, jioni posho na maharagwe, Jumapili wali. Muhula mmoja tunateketeza malori manne ya kuni. Kabla hatujajengewa majiko banifu ya matofali yalikuwa saba. Sijawahi kusikia mtu anaitaja shule kwenye mjadala wa misitu, kila siku ni mama wa sigiri. Hesabuni shule za bweni za nchi hii mara malori manne mara mihula mitatu.

Tulimwita fundi atupigie hesabu ya kupikia umeme. Sufuria kubwa za mvuke, waya mpya, transfoma yetu wenyewe. Mkuu wa shule aliangalia ile karatasi, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni, na hatujaizungumzia tena.

13. Mhaya_Asiyekopa
Kwa kiapo? Hapana, si zote. 😂 Tuendelee.

14. Juba_hadi_Yumbe
Nimeona hakuna aliyetutaja, lakini najua tutatajwa, kwa hiyo najitaja. Mimi niko Bidi Bidi, makazi ya wakimbizi ya Yumbe, tangu 2016. Sisi tuko zaidi ya laki mbili hapa. Tulipofika tulipewa kiwanja, turubai na sufuria. Hakuna aliyetupa moto. Kuni tulizikuta zimesimama, tukazikata. Sikatai.

Mwaka wa kwanza mke wangu alikuwa anatembea nusu saa kutafuta kuni. Mwaka wa tatu ilikuwa nusu siku. Wenyeji walikuwa wanawafukuza wanawake, wengine wanawapiga, na wenyeji nao wana haki, ule ulikuwa mti wao wa kuezekea nyumba. Tulipewa miche, tumepanda, mingine imeliwa na mbuzi, mingine imeshakuwa na kivuli.

Lakini niwaulize watu wa West Nile: tumbaku yenu ilikuwa inakaushwa kwa nini kabla sisi hatujaja?

15. Aruan_Halisi
Umetupiga pabaya, ndugu. Tumbaku imekausha milima yetu kwa miaka mingi kabla ya mkimbizi wa kwanza. Na matofali. Kila nyumba nzuri ya tofali la kuchoma unayoiona barabarani, kuna mwembe au mti mwingine uliokwisha ndani ya tanuru. Watu wanahama kutoka nyumba ya majani kwenda ya matofali, tunaita maendeleo, na ni maendeleo kweli. Sasa umwambie nani asijenge?

16. NimevutaKiti
Mpaka sasa washtakiwa: bei ya umeme, mwenye nyumba, Kenya, vita, binamu wa Ladit, fundi wa tanuri, shule, wakimbizi, tumbaku, tofali. Kiti kimeanza kuniuma.

17. Takwimu_Tupu
Mmemsahau mshtakiwa mkubwa, sisi wenyewe kwa wingi wetu. Sensa ya 2002 tulikuwa milioni 24.2. Mwaka 2014 milioni 34.6. Mwaka 2024 milioni 45.9. Misitu nayo ilikuwa kama asilimia 24 ya nchi mwaka 1990, ikafika 2015 imebaki kama 9. Weka mistari hiyo miwili kwenye karatasi moja, inapishana kama mkasi. Mengine yote mnayoandika ni matawi ya mti huo.

18. Mhasibu_Ntinda
Takwimu, siku hizi wanasema imepanda tena, imepita 12.

19. Ladit_wa_Pabbo
Imepanda kwa mikaratusi na misonobari iliyopangwa mistari kama askari. Ukiingia ndani yake husikii ndege. Wakiita msitu ni sawa, karatasi haina masikio.

Na Takwimu, hoja yako ya watu naiona ila hainishiki. Amuru watu ni wachache kwa eneo lake. Miti iliyokatwa kwangu haikupikia watoto wangu. Ingekuwa ni wingi wa watu, miti ingeisha kwanza pale watu walipo.

20. Takwimu_Tupu
Ladit, iliisha kwanza pale walipo. Ndiyo maana wamekuja kwako. Mkaa wa Kampala zamani ulitoka Luwero na Nakasongola. Huko kukaisha, wakavuka Nile.

21. Ladit_wa_Pabbo
Hapo umenifunga. Nitafikiri.

22. Mtoto_wa_Jinja
Naingia kwa mlango mwingine. Mnazungumza kana kwamba umeme wa maji ni wa bure na mkaa ndio dhambi. Ngojeni kwanza.

Bwawa letu la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa 1954. Nile inatoka ziwani hapo hapo, kwa hiyo lile bwawa ni kama bomba la Ziwa Victoria. Tangu ukoloni kulikuwa na kipimo kilichokubaliwa na Misri: kina cha ziwa kikiwa hivi, mnaachia maji kiasi hiki, kama vile mto ungejiendea wenyewe. Mwaka 2000 bwawa la Kiira likaanza kufanya kazi pembeni. Mahitaji yakapanda, mvua ikapungua, maji yakaachiwa kupita kile kipimo. Kufikia 2006 ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita moja na ushei. Wavuvi wa huku walikuwa wanafunga mitumbwi mbali na gati, unatembea kwenye tope. Na umeme wenyewe ukakatika, zamu kwa zamu, giza usiku mmoja, mwanga usiku mwingine. Mwaka ule baba alinunua jenereta na sigiri ya pili.

Tulikula ziwa ili tusile msitu, tukaishia kula vyote viwili. Wengine walisema ni ukame, wengine mabwawa. Sisi tuliokuwa gatini tuliona vyote.

23. Mvuvi_Mstaafu
Hata hapo usidanganye watu kwamba ziwa lilikufa. Mei 2020 lilijaa mpaka mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likavunja rekodi ya 1964 iliyokuwa 13.41. Hoteli za ufukweni zilioga, vyoo vya Masese na Ggaba viliogelea. Aprili ya mwaka ule ule kisiwa kinachoelea, majani na tope lake, kiliingia bwawani Nalubaale nchi nzima ikazimika. Ziwa linapanda na kushuka, tangu babu zetu.

24. Mtoto_wa_Jinja
Mzee wangu, shikamoo. Sikusema lilikufa, nimesema lilishuka. Na kisiwa kile kilikatikaje? Maji yalipanda yakainyanyua mimea ya ufukweni, na kwenye ufukwe wenyewe mafunjo yameshafyekwa kulimwa mpunga na kuchimbwa mchanga. Pita Lwera, barabara ya Masaka, uone mashimo.

25. Mvuvi_Mstaafu
Marahaba. Lwera sibishi.

26. Boda_Mwenye_Elimu
Jamani mnajitesa. Mafuta ya Hoima yanakuja, gesi itashuka bei, mkaa utakufa wenyewe.

27. Mwalimu_Fizikia
Boda, yale ni mafuta ghafi, mazito kama nta. Bomba la kuyapeleka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, linabidi kupashwa joto njia nzima yasigande. Maana yake tutatumia nishati kusukuma nishati iende kwa mtu mwingine. Gesi ya mitungi kidogo inaweza kutoka kule visimani, ndiyo, lakini Mama_Makaa ameshakwambia: haiuzwi kwa kopo. Na visima vya Tilenga vingine viko ndani ya hifadhi ya Murchison. Tutaokoa yaa kwa kuwasumbua tembo.

28. Boda_Mwenye_Elimu
Basi nirudi barabarani.

29. Mkazi_Kawempe
Mleta mada nimerudi. Baada ya kusoma posti ya 3 na ya 10 nikaona aibu kubishana bila kupima. Jirani ana sufuria ya presha ya umeme, nikaiazima. Jana nilizima kila kitu ndani, hata friji, nikaandika namba ya Yaka. Maharagwe kilo moja, sikuyaloweka, kwa makusudi. Dakika 55. Uniti 0.6. Hata kwa bei ile ya ghali ni chini ya shilingi 500.

Leo kilo moja nyingine kwenye sigiri, kutoka kwa muuzaji yule yule. Saa mbili na nusu. Mkaa wa 2,000 na kidogo.

Nimebaki nimeduwaa. Nimekuwa nikilipa mara nne kwa miaka yote nikisema "umeme ni ghali". Jiko langu la sahani mbili ndilo ghali, linapasha joto jikoni kote kabla ya sufuria. Nilipima kifaa kibovu nikaulaumu umeme.

30. Mama_Makaa
Pole kwa kuduwaa. Sufuria ile bei gani?

31. Mkazi_Kawempe
Jirani alinunua 280,000.

32. Mama_Makaa
Haya. Magunia mawili ya mkaa na chenji. Mteja wangu hajawahi kushika 280,000 pamoja ila siku ya mahari. Na akiipata, ataificha wapi mwenye nyumba asiione?

33. Mhasibu_Ntinda
Hapo sasa hoja yangu imeyumba. Kumbe hata uniti ya 700 inashinda mkaa. Basi shida ni mtaji wa kifaa, na mita. Nakubali nusu. Nusu nyingine bado nasema bei ya kupikia ingeanzia uniti ya kwanza.

34. Bweni_na_Posho
Sufuria hiyo inaingia watoto 900?

35. Mkazi_Kawempe
Inaingia kilo moja na nusu. 😅

Na mjue bado kuna rufaa. Mke wangu ameonja yale ya jana akasema "yameiva." Akanyamaza. Leo ya sigiri ameongeza bakuli la pili. Anasema maharagwe ya presha hayana moshi, na matooke hatakubali kabisa: matooke yanafungwa kwenye majani ya mgomba, yanakaa motoni polepole mpaka yapondeke, yanarudi motoni tena, yanangoja wageni hata wakichelewa saa tatu. Hiyo kazi anasema hakuna kitufe chake.

36. Aruan_Halisi
Shemeji amesema kweli. Sisi wa enyasa, ugali wetu, hatuna shida hiyo, wa matooke mtajijua. Msitu umeisha kwa sababu wageni wa Kampala wanachelewa.

37. Juba_hadi_Yumbe
Hiyo niongeze kwenye orodha ya NimevutaKiti.

38. NimevutaKiti
Imeongezwa. Nimebadilisha kiti.

39. Kijana_wa_Lira
Swali la kweli lakini. Ladit, wakiacha kununua mkaa kesho, yule binamu yako atakula nini?

40. Ladit_wa_Pabbo
Nimeliogopa swali hilo tangu posti ya kwanza. Ameanza ufuta, ekari mbili. Mwaka jana mvua ilichelewa, akapata magunia machache, akarudi kuchoma mkaa usiku. Nilimkuta. Nilitaka kumkemea, nikaona ana daftari la shule la mtoto mfukoni, la kuandikia hesabu ya magunia. Sikusema kitu. Nilimsaidia kuziba tanuri lililotoboka, maana mti ulikuwa umeshakatwa tayari, na lingeungua lote likawa majivu bure.

Mwalimu, hesabu yako ya kilo kumi niliiona kwa macho usiku ule.

41. Mwalimu_Fizikia
Ladit, nimekusoma.

42. Mkazi_Kawempe
Nilikuwa naandika jibu refu, umeme umekatika. Sitanii. Simu iko asilimia 9. Mke wangu anawasha sigiri na ananiangalia.

43. Boda_Mwenye_Elimu
😂😂😂 Banange!

44. Mhaya_Asiyekopa
Megawati 2,000 hizo.

45. Mama_Makaa
Aliye Bwaise au Kawempe, nimebakiza magunia mawili ya leo. Si yaa, Ladit usinune. Ni mwembe. Bei tutaelewana.

46. Ladit_wa_Pabbo
Mwembe wa nani?